Alama Ishirini na Sita za Mkaa

Binti yangu alirudi nyumbani Nyamongo na boksi la karatasi, na kabla hajamaliza chai mtaa mzima ulishajua ameleta ramani ya dhahabu.

Msiwacheke watu wetu. Miaka ile ya mawe ya dhahabu kila mtu alikuwa na ramani yake. Ukishuka kwenye bodaboda na karatasi yenye mishale na viduara, mtu wa Nyamongo haulizi ni nini. Walikuja wachimbaji wawili, wamevua kofia kama wako kanisani, wakaomba waoneshwe mshale mmoja tu. Nikawaambia, "Wanangu, hii ni ramani ya matumbo." Wakacheka, wakaniona mchoyo. Mmoja wao mpaka leo hanisalimii vizuri.

Lakini nilisema kweli. Alichonieleza binti naweza kukueleza na wewe, maana nilimfanya arudie mara tatu. Ukila ugali, ugali hauwi nguvu hivi hivi. Unavunjwa, unageuzwa, hiki kinakuwa kile, kile kinakuwa kingine, na kila mgeuko una kibarua wake anayeitwa kimeng'enya. Ukizipanga hatua hizo mstari mmoja unapata njia. Kuna njia ya sukari, kuna ya mafuta, kuna ya pombe kwa wanaoihitaji. Wataalamu huko nje wameziandika njia za mwili wa binadamu kwenye maghala ya kompyuta, wanayaita hifadhidata. Shida ni kwamba ghala si moja. Na kila ghala limeandika kivyake. Mwalimu wake wa chuo alimpa mawili akamwambia, linganisha: wapi yanakubaliana, wapi yanapishana, lipi lina upungufu.

Mimi hapo nikakataa. "Mwili ni mmoja," nikamwambia. "Mungu kaumba mara moja. Maghala mawili ya nini?"

"Hata Injili ziko nne, mama."

Chuo kinaharibu watoto.

Sasa, binti alikuwa ameshapeleka jedwali lake mara mbili na mara mbili likarudishwa. Mwalimu alimwambia mara ya tatu ndiyo ya mwisho: Jumatatu asubuhi, mezani. Likikataliwa, anarudia mwaka wakati wenzake wanavaa majoho. Yeye akaona aje nyumbani siku chache apate utulivu. Utulivu, Nyamongo! Siku aliyofika alipeleka kompyuta ikachajiwe kwenye kibanda kinachovuta umeme wa jenereta la karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Karasha likabanwa na jiwe, umeme ukaruka, kompyuta ikatoa moshi. Fundi aliifungua, akainusa, akaifunga. Zikabaki karatasi za kwenye boksi, na siku moja tu ya kazi: Ijumaa. Jumamosi ni Sabato, na Jumapili alfajiri lazima apande basi.

"Basi tufanye kwa mikono," nikamwambia.

"Mama, unajua ni hatua ngapi?"

"Mimi nimesoma baiolojia."

Nimesoma kweli. Jioni, darasa la watu wazima, nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wetu alitufundisha ini mpaka tukalipenda. Cheti sina bado, ila ini nalijua.

Ijumaa asubuhi tulitandika uani turubai tunaloanikia mchanga wa mawe. Tukachukua mkasi. Karatasi za ghala la kwanza zilikuwa nyeupe, za ghala la pili za manjano. Tukazikata, kila hatua ikawa kikaratasi chake: kinachoingia, kibarua, kinachotoka. Kisha tukapanga njia moja moja, kikaratasi nyuma ya kikaratasi kama foleni ya kisimani. Upepo ukaanza utani wake, ikabidi tugandamize foleni zetu kwa mawe, na mawe niliyokuwa nayo uani ni yale yanayosubiri kusagwa. Kwa hiyo kama kuna mtu duniani amewahi kulinganisha hifadhidata kwa kuzikandamiza na dhahabu, ni sisi.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anatazama. Hapa lazima nikueleze kidogo, la sivyo utapotea mbele. Huyu bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, na alikuwa na ng'ombe. Kwa mila yetu Wakurya, mama wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa mahari, anaoa binti, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Mume wangu alizaliwa hivyo. Kwa hiyo kwa mila huyu ni baba mkwe wangu, ila anavaa kitenge. Mchungaji alipokuwa anamwandika mume wangu kwa ubatizo, akafika kwenye mstari wa jina la baba, kalamu iligoma. Bibi alikuwa amekaa benchi la mbele, kanyoosha mkono juu.

Mume wangu mwenyewe siku hiyo alikuwa duarani, chini ya ardhi, anasubiri mwamba umpende. Amesubiri sana.

Kufika saa sita tulikuwa tumemaliza kupanga. Njia nyeupe zilikuwa nyingi, fupi fupi, zimejaa upande mzima wa turubai. Za manjano chache, ila ndefu kama mahubiri ya mgeni. Binti aliangalia, akapiga miayo, akaenda kujinyoosha ndani. Nikabaki peke yangu na mwili wa binadamu.

Ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Uelewe kazi yangu kwanza. Mimi nasimamia mwaloni, pale tunaposafishia mchanga uliosagwa. Viroba vinaingia kutoka duarani, mimi nakagua. Mchezo wa vijana ni huu: kiroba kimoja kinapita mlango wa mbele, kinahesabiwa, kinazungushwa nyuma kwenye minyaa, kinapita tena mbele kinahesabiwa mara ya pili. Nimewakamata mpaka wakanipa jina, ambalo siliandiki hapa kwa sababu ya Sabato. Macho yangu yamezoea. Kitu nikishakiona mara moja, kikipita tena, nakijua.

Sasa nikawa natembea kando ya turubai, nikaona kikaratasi kwenye njia moja nyeupe. Nikasogea, nikakiona tena kwenye njia nyingine. Kilekile! Kinachoingia kilekile, kibarua yuleyule, kinachotoka kilekile. Nikasogea tena, kingine. Nikasema, ahaa. Hata Wazungu. Wanazungusha viroba nyuma ya minyaa ghala lionekane limejaa.

Nikafanya kama mwaloni. Kila kilichojirudia upande mweupe nikakitoa, nikaacha kimoja. Kila nilichotoa nikachora alama kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, maana kitu kisichohesabiwa ni kama hakijatokea. Halafu, ili foleni zipendeze, nikasogeza zilizobaki ziungane vizuri, pasionekane nafasi. Na moto wa chai ulikuwa umefifia. Unajua tena karatasi kavu ilivyo.

Binti alitoka akakuta amepikiwa chai kwa jasho lake mwenyewe.

Akanywa. Akasifu hata. Kisha akainama kwenye njia ya sukari, akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Mama. Hapa palikuwa na kikaratasi."

"Kilikuwa mwizi. Nimekitoa."

"Umekitoa ukakiweka wapi?"

Nikaangalia jiko. Na yeye akaangalia jiko. Kikombe kikamponyoka.

Sitaandika yote aliyosema, ni mwanangu na nampenda. Alisema hatua moja inaweza kutumika kwenye njia hata tano, mwili hauna wizi, mwili unatumia kibarua mmoja kila anapohitajika. Alisema nimechoma mwaka wake mzima nikachemshia majani ya chai. Alikaa chini kwenye vumbi na kulia kama alivyolia siku ya kuachishwa ziwa. Kwenda Tarime, kutafuta upya, kuchapa upya, Ijumaa ingekwisha njiani, tena mafaili yenyewe yaliungua na kompyuta.

Nikaomba moyoni. Sikuomba maneno mazuri. Nilisema: Bwana, uliniona nashika kiberiti, ungeshindwa nini kukohoa?

Aliyekohoa ni mama mkwe.

"Mkamwana," akasema, "wewe ni yule karani wa vyandarua."

Nikataka kumwambia bibi huu si wakati wake, lakini hanyamazishwi yule.

"Karani gani, bibi?" binti akauliza, anafuta kamasi.

"Hukuwepo, ulikuwa shule. Alikuja na daftari. Akamkuta baba yako kaandikwa kwangu, na kaandikwa nyumba ya yule niliyemuoa, aliyemzaa. Akasema huyu yuko mara mbili, ni udanganyifu. Akamfuta kule, akamwacha huku. Nyumba ya kule ikaonekana haina mtu. Mama wa watu akalala na mbu mwaka mzima. Na mwenyewe yuko hai, ana miguu, anakula huku na anakula kule!"

"Anakula kweli," nikasema.

"Mjinga zaidi," bibi akaendelea, "boma langu lina nyumba nne, akaandika moja. Jirani ana watoto watatu kila mmoja na kibanda, akaandika tatu. Akatoka hapo anasema jirani ana watu wengi kuliko mimi. Mimi! Alihesabu milango, hakuhesabu watu."

Binti aliacha kulia. Akageuka polepole akatazama turubai, njia fupi nyingi za upande mweupe, ndefu chache za manjano.

"Mama," akasema, "niliandika ghala jeupe ni kubwa, kwa sababu lina njia nyingi."

"Ulihesabu milango," bibi akasema, akachukua ugoro.

Kumbe ndicho kilichomrudishia jedwali mara mbili. Mwalimu alimwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu, "Fikiri tena," akaona imetosha. Walimu wa chuo wanachosha. Mwalimu wetu wa jioni angalau anakwambia wewe mama umekosea, anakwambia na ulipokosea.

Lakini ili ahesabu watu badala ya milango, alihitaji vikaratasi vyote, kila kimoja mahali pake. Na vingine vilikuwa tumboni mwetu kama chai.

Hapo nikakumbuka mwaloni tena, safari hii kwa akili. Kiroba kikipotea njiani huwa hatulii. Tunatembea kutoka duarani mpaka kwenye karai, hatua kwa hatua: hapa kilitoka na uzito huu, hapa kiliingia na uzito gani? Panapopishana ndipo palipo na pengo. Na mimi nilikuwa sijachoma kitu bila kuacha pacha wake. Kila kikaratasi kilichoungua, mwenzake yuko mahali fulani kwenye turubai.

"Inuka," nikamwambia. "Soma kinachotoka. Mimi nasoma kinachoingia."

Tukaanza njia ya kwanza. Yeye anasoma kinachotoka hatua hii, mimi nasoma kinachoingia hatua inayofuata. Vikifanana tunaendelea. Visipofanana, binti anapiga kelele, "Pengo!" na bibi, ambaye ana mapengo yake mwenyewe manne mbele, anaitika, "Amina." Kisha tunamtafuta pacha kwenye njia nyingine, tunamnakili kwenye kipande cha daftari langu la jioni, tunamweka. Majina mengine ni marefu mpaka nilikuwa napumzika katikati. Bibi alisema huko chuoni wanawalipa kwa herufi.

Kufika saa kumi tulikuwa tumemaliza upande mweupe. Binti akahesabu mapengo.

"Thelathini na moja. Na kuna matano siwaoni pacha wao." Akaniangalia vibaya. "Mama, hayo matano ulichoma vyote viwili."

"Sikuchoma vyote viwili."

"Ulichoma thelathini na moja."

"Nilichoma ishirini na sita."

"Mama, mapengo hayadanganyi!"

"Na ukuta haudanganyi. Nenda kahesabu."

Akaenda jikoni akahesabu. Ishirini na sita. Akarudi.

"Labda ulisahau kuchora. Ulikuwa unapika."

Nikasimama. Mimi si mtu wa hasira, na kama ni mtu wa hasira basi namwachia Mungu aseme. Nikamwambia: "Mimi nimekaa mwaloni miaka minane. Nimeahidiwa, nimetishwa, kuna mtu aliniletea mbuzi, kuna aliyeniletea panga. Niseme kiroba kimoja zaidi, nisaidie watu. Sijawahi. Nimekosea kuchoma, nimekubali, nitaomba toba. Kuhesabu sijakosea. Ni ishirini na sita. Hata uje na malaika."

"Kwa hiyo matano yametoka wapi?"

"Usiniulize mimi. Waulize wenye ghala."

Nilisema hivyo kwa ukaidi tu, nikuambie ukweli. Sikuwa na maana yoyote. Lakini binti akaruka upande wa manjano. Akapiga magoti, akaanza kutembea kwenye zile njia ndefu na kidole. Akatafuta kinachotoka kabla ya pengo la kwanza kati ya yale matano. Akakipata. Mbele yake palikuwa na kikaratasi cha manjano, kina kibarua wake, kina kinachoingia na kinachotoka, kimetulia chini ya jiwe la dhahabu kama hakuna kilichotokea.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Hili pengo si lako."

"Si nilikwambia."

"Ni lao. Ghala jeupe halina hatua hii. Halikuwa nayo tangu mwanzo. La manjano linayo."

Akaenda la pili. La manjano linayo. La tatu, linayo. Alikuwa anacheka na kulia, pua haijulikani inafanya nini. Maana ndicho alichoulizwa tangu mwanzo: lipi lina upungufu, na wapi. Kila alipohesabu njia kwa kompyuta alipata jibu la milango. Sasa alikuwa amezitembea kwa miguu, kwa sababu mama yake ni mpumbavu mwenye hesabu nzuri.

Mengine mawili hatukuyapata hata kwa manjano. Jua lilikuwa limeshuka, limebakiza kama upana wa kiganja juu ya kilima.

"Tutafute tena," binti akasema. "Labda tumeruka."

"Sabato inaingia."

"Dakika kumi, mama."

"Ulisikia hizo Injili nne zinasema dakika kumi?"

"Mama, ni mwaka wangu!"

Nikamwambia mwaka wako nimeuchoma mimi, nimeurudisha mimi, na mwenye Sabato amenisaidia kuurudisha, sasa simwibii dakika zake. Nikapiga magoti nikaanza kukusanya vikaratasi, kila njia na uzi wake, nyeupe kwa manjano. Alinuna. Alikusanya akinuna, lakini alikusanya. Jua lilipozama turubai lilikuwa limekunjwa, na bibi alishaanza kuimba, wimbo wake na sauti yake, viwili visivyojuana.

Sabato nzima binti hakugusa boksi. Aliliangalia tu. Kanisani niliomba toba ya kuchoma, kimoyomoyo, maana ungeanza kumweleza mchungaji kimeng'enya usingemaliza. Jumapili alfajiri akapanda basi, na safari nzima, aliniambia baadaye, aliandika jedwali kwa kalamu akiwa amepakata boksi.

Jumatatu nilikuwa mwaloni nimeficha simu kwenye kitenge. Nilikamata viroba viwili vilivyozungushwa nikaviacha vipite, Mungu anisamehe, akili ilikuwa kwenye simu. Simu ikaita saa tano.

"Amepokea," binti akasema.

Nikakaa juu ya kiroba.

"Amesoma mbele yangu. Amesema sasa nimelinganisha. Akauliza, hii mbinu ya kuondoa kwanza hatua zote zinazojirudia, halafu kujenga njia upya ili mapengo yajioneshe, umeitoa wapi?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni mbinu inayotumika nyumbani."

"Hukusema chai?"

"Sikusema chai."

Nikafikiri kama huo ni uongo. Nimefikiri mpaka leo. Si uongo kabisa.

"Na yale mawili?" nikamuuliza. "Tuliruka?"

"Hatukuruka. Amesema hayajulikani. Wanajua kinachoingia, wanajua kinachotoka, kibarua hajaonekana bado. Kwenye ghala lolote. Mama, hata ningekesha Sabato nzima nisingeyapata."

Sikumwambia "nilikwambia". Nilitaka sana, ila sikumwambia. Nilimwambia Mungu jioni hiyo, kwamba sawa, hayo mawili ameyakalia mwenyewe, sina neno. Na mimi simwambii kila mtu ninapoweka sukari.

Mume wangu alipopanda kutoka duarani mwisho wa wiki, mikono mitupu na njaa ya watu wawili, akaona alama kwenye ukuta wa jiko. Akahesabu kwa kidole. Uso ukamng'aa.

"Viroba ishirini na sita? Vya nani?"

"Vya binti yako."

"Vimetoa nini?"

Nikampakulia ugali, na kwa kuwa ni mtu wa nyumba mbili nikamwekea wa huku na wa kule. Nikamwambia akae, ale, na asije akagusa ukuta ule kwa chokaa mpaka mtoto avae joho.